Foleni ya Karatasi

Bosi wetu anapenda wastani kuliko anavyopenda chai, ndiyo maana tulimpachika jina la Mzee Wastani. Hajui. Au anajua na amenyamaza, maana watu wa hesabu wana siri zao.

Jumatatu alinifuata kwenye dirisha namba mbili la dawa, pale zahanati, ninapogawa vidonge mwaka wa kumi na moja huu. Akasimama upande wa wagonjwa na kunisomea karatasi yake.

"Mgonjwa anafika kila baada ya dakika tano. Kumhudumia ni dakika nne. Sasa niambie, dirisha la pili la nini?"

Nne inaingia ndani ya tano na nafasi inabaki, hata mtoto wa chekechea anajua.

"Ijumaa kwenye kikao tunalifunga," akasema. "Wewe usijali, tutakutafutia pa kukuweka."

Nawajua watu waliotafutiwa pa kuwekwa. Wa mwisho yuko kwake mwaka wa pili sasa, bado anatafutiwa.

Nilifika nyumbani nimevimba kama andazi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafundisha takwimu chuoni, na siku hiyo alikuwa sebuleni kwetu akisahihisha mitihani. Nikammwagia yote. Badala ya kunipa pole, akacheka. Kidogo nimrushie kiatu.

"Wifi, huo wastani umewahi kuja dirishani kuchukua dawa?"

"Acha utani, mwenzio nafukuzwa kazi."

"Sitanii. Wastani hauji. Wanaokuja ni watu, na watu huja wanavyotaka. Watatu kwa mpigo, halafu kimya. Mmoja ana vidonge vya kichwa tu, mwingine ana dawa saba na sikio moja halisikii."

"Hayo nayajua. Nitamwonyeshaje mtu asiyesimama dirishani?"

"Tutaiigiza hiyo foleni. Kwa nasibu."

Nikadhani ananishauri nikanunue tiketi ya bahati nasibu. Ikabidi anieleze upya. Nasibu ni jambo lisilotabirika, basi. Bahati imepachikwa tu hapo mbele na wauza tiketi.

Jumatano baada ya kazi tukaingia chumba cha kumbukumbu, maana ndicho chenye meza kubwa. Chumba hicho ni himaya ya Bi Faili. Ana miaka thelathini humo, na ukimwomba faili la mgonjwa aliyekuja mara moja akiwa mchanga, anakuletea kabla hujamaliza kutaja jina. Wifi akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa vizuri. Kisha akataja nasibu.

"Kamari humu ndani siitaki," Bi Faili akasema.

"Si kamari, mama. Hakuna anayekula cha mtu."

Tukachukua maboksi mawili matupu ya dawa. Nilikuwa na daftari la dirishani, lile lile ambamo bosi alikamua wastani wake. Kila muda uliopita kati ya mgonjwa na mgonjwa tukauandika kwenye kikaratasi na kukitia boksi la kwanza. Kila muda wa huduma ukaenda boksi la pili. Sasa unachomoa kikaratasi hapa, kinakuambia mgonjwa anafika baada ya dakika ngapi. Unachomoa kule, kinakuambia atakaa dirishani dakika ngapi. Unaandika, unarudisha, unatikisa, unachomoa tena. Ukifikisha wagonjwa arobaini umepata asubuhi nzima ya dirisha moja, bila kumtesa mgonjwa yeyote.

Bi Faili akajitolea kuchomoa na kuandika, sisi tukapiga mistari ya jedwali. Alipotuletea orodha zake mbili, tukakokotoa wagonjwa wote arobaini.

Foleni haikuwepo. Hakusubiri mtu zaidi ya dakika mbili.

Nilikuwa nimejichimbia kaburi kwa jembe langu mwenyewe, tena wifi yangu akinishikia taa. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Haiwezekani," wifi akanong'ona. Akazivuta zile orodha. Moja, moja, moja, mbili, mbili, tatu. Mwisho kabisa kumi na mbili, kumi na tatu. "Mama, hizi zimetoka hivi hivi?"

"Zimetoka, nikazipanga."

"Umezipanga?"

"Zilikuwa shaghalabaghala! Kumi na tatu imekaa na moja, nane imekaa na mbili. Niziache hivyo? Mimi mwanangu, karatasi haitoki mkononi mwangu haijapangwa."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Wenye vidonge vya kichwa tu walifuatana wao kwa wao, na mwenye dawa saba akaja wakati hakuna anayemfuata. Ni zahanati ya peponi.

"Mama, foleni yote imo kwenye hiyo shaghalabaghala," akasema akifuta machozi. "Ukiipanga, umeiua. Ndicho alichofanya bosi wenu, ila yeye amepangia kichwani."

Tukaanza upya. Bi Faili akachomoa tena, safari hii akimpa wifi kila kikaratasi papo hapo kabla vidole havijamwasha. Aliteseka, masikini. Kufikia saa tano usiku tulikuwa na asubuhi ishirini. Kumi na moja zilikuwa shwari. Tisa zilikuwa balaa, watu kumi wamesimama, mmoja amengoja karibu saa nzima.

"Safi," nikasema. "Nampelekea hizi tisa."

"Unampelekea zote."

"Wifi, wewe uko upande gani? Kazi ni yangu!"

"Ukificha zile kumi na moja, na wewe umepanga faili."

Nikasonya. Tukaachana bila kuagana vizuri, nami usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Asubuhi nikatia karatasi zote ishirini kwenye bahasha. Sikuzitia kwa kupenda.

Ijumaa kwenye kikao tulikuwa saba, Bi Faili akiwa mwandishi. Bosi akazipitia, akanigeukia uso umemchangamka.

"Kumi na moja kati ya ishirini hazina tatizo! Mama, mmejimaliza wenyewe."

Lakini nilishachoka kuwa mnyonge. Nikamwekea maboksi mawili mbele yake na rundo la vifuniko vya chupa za dawa.

"Bosi, vifuniko ndio wagonjwa. Cheza asubuhi moja, kwa mkono wako."

Alicheza kwa raha kama mtu aliye likizo. Kifuniko kinafika, kinahudumiwa, kinaondoka. Asubuhi ikaisha shwari. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko ukali.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Wagonjwa kumi wa kwanza walipita bila shida. Wa kumi na moja akachomolewa huduma ya dakika kumi na tatu. Nyuma yake akaja mwingine baada ya dakika moja, na mwingine baada ya moja, na wawili baada ya mbili. Bosi akavipanga vifuniko mstari. Akachomoa huduma akitafuta moja, ikatoka tisa. Akalegeza tai. Alitikisa boksi kwa nguvu, akachomoa, ikatoka nane, na vifuniko vikaendelea kufika hadi mstari ukagusa ukingo wa meza. Alipoongeza kingine, cha mwisho kikaanguka sakafuni.

"Huyu kangoja dakika arobaini na saba!" akafoka. "Fungueni dirisha la pili!"

"Lipi, bosi?" Bi Faili akauliza kwa upole, kalamu yake juu ya kitabu cha kikao. "Si ndilo tunalolifunga leo?"

Bosi akabaki anaitazama ile foleni yake. Akainama, akaokota kifuniko, akakirudisha kwenye mstari taratibu.

"Andika kwamba linabaki," akasema.

Nikalia pale pale, mbele ya watu wazima sita, na wala sikuona haya.