Mwenye Dawa Mdomoni Hacheki

Naapa kwa magoti yangu mawili, lile bovu na lile bovu zaidi, kwamba haya yote ni kweli tupu. Najua naitwa Babu Chumvi, lakini jina hilo nilipewa na watu wenye wivu. Atakayenikuta na uongo humu, adhabu yangu naijua: nitajaza pipa la maji la kliniki, ndoo kwa ndoo, kutoka bomba lililo ng'ambo ya uwanja hadi dirishani. Ndiyo sheria yetu pale, na aliyeitunga alikuwa ananitazama mimi.

Kliniki yenyewe ni ya watu wanaoacha unga, ule wa kulevya. Asubuhi wanapanga foleni, wanafika dirishani, na muuguzi anawapa kikombe kidogo cha methadoni, dawa ya maji yenye rangi ya waridi, inayoutuliza mwili usiudai ule unga. Unakunywa mbele yake, unateremshia maji ya pipa, kisha lazima useme neno. Si kwa ajili ya adabu. Aliyemeza anaweza kusema. Aliyeificha shavuni ili akaiteme nje, hawezi.

Muuguzi huyo tunamwita Mama Kikombe. Nasikia kuna kwingine wanawamulika watu midomoni kwa tochi. Yeye hataki. "Hawa ni watu," husema, "si vyungu vya kutafutwa nyufa." Badala ya tochi akaniweka mimi. Nilipostaafu udereva wa gari la wagonjwa, mke wangu alinivumilia nyumbani muda mfupi tu, kisha akanionyesha mlango. "Nenda kawaongopee wengine, mume wangu. Mimi nimeshiba." Nikaja kukaa kwenye benchi kando ya dirisha. Kazi yangu kwa jina ni kupanga foleni. Kazi yangu hasa ni kuchekesha, maana Mama Kikombe aligundua kwamba mwenye dawa mdomoni hacheki, hata ajikaze vipi.

Basi, palikuwa na fundi bomba mmoja, mtu mpole kama maji ya mtungini. Dawa ilikuwa imemkubali. Spana zake alizokuwa ameziuza alishazinunua tena, na watu walianza kumwita majumbani mwao bila kuficha simu. Yeye ndiye aliyekuwa akicheka kabla hata sijafika penye kuchekesha. Mara ghafla akaanza kuja na kitambaa kimefungwa shavuni. Jino, alionyesha kwa kidole. Akinywa, akiulizwa, anajibu "Mmh," anainama, anaondoka. Mama Kikombe alimhurumia. Nami nikamhurumia, ingawa niliumia kidogo moyoni. Si unajua mtu akikosa mteja wake bora.

Siku hiyo alichelewa. Kuna nyumba bomba lilipasuka usiku, akashinda huko hadi jua likawa kali. Foleni ilikuwa imebaki watu wachache. Akapokea kikombe, akanywa.

"Fundi, jino bado?" nikamuuliza.

"Mmh."

"Hilo sasa si jino, ni mpangaji. Mtoze kodi!"

Mabega yakamtikisika. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia mzimamzima.

"Wewe unafikiri unaumwa? Ngoja nikwambie. Wakati naendesha gari la wagonjwa nilikuwa nakimbia mpaka king'ora kinabaki nyuma. Siku moja nilimfikisha mgonjwa hospitali, akatibiwa, akapona, akaenda kwao. Tumekaa tunakunywa chai, ndiyo king'ora kinaingia getini, kinatweta: jamani, mgonjwa yuko wapi?"

Fundi akapasuka. Dawa ikamruka kupitia mdomoni na puani, ikaenda yote kwenye gauni jeupe la Mama Kikombe, kuanzia kola hadi mfukoni.

Hakuna aliyecheka tena. Ukutani pana bango linalosomeka vizuri hata kwa mimi ninayeacha miwani nyumbani: anayetoka na dawa anaondolewa kliniki. Fundi alilitazama lile bango kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Mama Kikombe hakujifuta. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaja hadi alipo, akamfungua kile kitambaa taratibu.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Mama, nisamehe..."

"Sijauliza kosa. Nimeuliza, ni nani anayekusubiri?"

Fundi akalia. "Dada yangu. Nameza nusu, nusu nampelekea. Hataki kuja huku. Anashona sare za shule, Mama. Wakimwona kwenye foleni hii, wazazi watakuja kuchukua vitambaa vyao. Na yeye ndiye aliyenilea. Nilipokuwa ninaiba vitu vyake alikuwa ananiachia mlango wazi nisije nikalala nje."

"Mwanangu," Mama Kikombe akasema, "nusu yako ni sumu kwa mtu asiyepimwa. Na nusu yako wewe nayo haikutoshi, ndiyo maana mikono inakutetemeka. Leo amepata?"

"Bado. Nimechelewa."

"Basi arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, imeshamfikia kabla yetu. Babu, funguo!"

Akamwachia mfamasia dirisha, akachukua mkoba wake, tukaingia kwenye gari la kliniki. Lile gari halina king'ora, na lingekuwa nacho ningekiacha getini. Niliendesha mpaka mbuzi wawili waliokuwa wakivuka njia walijikuta wamevuka kabla hawajaamua.

Mlango wa dada mtu tuliukuta umefungwa kwa makufuli matatu. Nikarudi nyuma, nikaupiga bega moja tu, ukaanguka na fremu yake. Ndani palikuwa na cherehani, na chini ya sindano yake shati la mtoto lililokwisha mkono mmoja. Mwenyewe alikuwa sakafuni. Alikuwa amemsubiri mdogo wake, mwili ukamshinda, akatumia unga kwa kipimo chake cha zamani, kipimo ambacho mwili ulishakisahau. Alikuwa anakoroma kwa mbali, kama mtu anayeburuta gunia, na midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

Mama Kikombe alipiga magoti. Alimwita, akamtikisa, hakuitika. Akamwinua kidevu, akatoa mkobani naloksoni, ile dawa ya kumzindua aliyezidiwa, akampulizia puani. Kisha akamwekea mdomoni barakoa ya kupulizia hewa, akaanza kumpumulia. Anapuliza, anasubiri. Anapuliza, anasubiri.

"Pumua, dada," Fundi akawa anasema. "Pumua, nakuomba. Shati halijaisha."

Mama Kikombe akampulizia dawa mara ya pili. Mimi nilisimama imara kama nguzo, nikitoa maagizo. Na hatimaye kile kifua kikainuka chenyewe. Rangi ikarudi kwanza kwenye kope, kisha midomoni. Akafumbua macho, akatuona, akaona gauni la muuguzi lenye madoa ya waridi, akaelewa yote.

"Umewaambia?" akamuuliza mdogo wake.

"Nimecheka, dada," Fundi akasema. "Nisamehe. Nimecheka."

Dada mtu akanyoosha mkono, akamshika lile shavu lisilo na jino bovu. Mama Kikombe naye hakutupa muda wa kulia. "Dawa hii ya kuzindua huisha nguvu kabla ya unga," akasema, "anaweza kuzama tena. Hospitali, sasa hivi." Nikambeba dada mtu mgongoni peke yangu, nikaruka naye ukuta, nikamlaza kwenye gari.

Kesho yake Mama Kikombe aliingia kwa daktari mkuu wa kliniki na gauni lile lile, hajalifua. Sijui walisemezana nini, ila sauti moja ilipita mlangoni: "Mficha maradhi kifo humuumbua, daktari, na sisi na bango letu ndio tunaowafundisha kuficha!" Fundi hakuondolewa. Alianza upya, anakunywa chote, karibu na dirisha, na anasema sentensi nzima. Dada yake alipotoka hospitali alipimwa, akapewa kipimo chake mwenyewe, kidogo kwanza. Siku za mwanzo alipitia mlango wa nyuma, kajitanda khanga hadi puani. Kisha asubuhi moja akasimama kwenye foleni, uso wazi, na gauni jipya jeupe mkononi. La Mama Kikombe. Alilishona kwa kumkadiria kwa macho, likamkaa kama ngozi. Wazazi wawili walichukua vitambaa vyao. Waliobaki walibaki.

Nami ningemalizia hapo, lakini huyo dada mtu amekaa benchini hapa kando yangu, anasubiri zamu, na kumbe anasoma kila ninachoandika.

"Babu."

"Naam, mwanangu."

"Makufuli matatu? Mlango wangu ulikuwa wazi. Siku zote huwa wazi, kwa ajili ya huyu mdogo wangu."

"Wazi kiasi gani?"

"Na walionibeba ni yeye na Mama Kikombe. Wewe goti lilikataa, mdogo wangu akarudi kukubeba wewe."

"Hayo umeambiwa. Ulikuwa umezimia."

"Nilichosikia mwenyewe sijaambiwa na mtu," akasema. "Kabla sijafumbua macho nilisikia mzee amenishika mguu, analia kama mtoto, huku ananisimulia habari za king'ora kilichoachwa nyuma. Nikawaza, ni nani huyu anayenidanganya hata nikiwa ninakufa? Ikabidi niangalie."

Nimeinama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba.

"Mama Kikombe!" akaita kuelekea dirishani. "Babu amekutwa!"

"Ndoo iko pale pale," sauti ikajibu.

Basi naiweka kalamu chini, nachukua ndoo. Uwanja umekuwa mrefu tangu jana, naapa. Nimefika katikati, maji yananimwagikia miguuni, ndipo Fundi anapaza sauti: "Babu, kimbia, king'ora kinakupita!" Foleni nzima inaangua kicheko, dada mtu akiwa mbele, kikombe kitupu mkononi, kichwa nyuma, mdomo wazi. Na Mama Kikombe dirishani anawatazama waliokwisha kunywa mmoja mmoja, anatikisa kichwa, ameridhika. Wote wamemeza.