Shangazi wa Khaled

Katika chumba cha michezo ya video cha Huseni, mtaani Buyenzi nyuma ya magereji, kila mpiganaji wa kwenye skrini huitwa kwa jina la yule anayemtetea. Mwanamiereka alikuwa wa Byamungu. Shangazi, mwanamke wa mvi mwenye upinde, alikuwa wa Khaled, fundi wa injini, na hakuna mwingine aliyemtaka. Shangazi hana nguvu za mkono, akikaribiwa, amekwisha. Kazi yake ni kumweka mtu mbali.

Homa ilipomchukua Khaled, Huseni alisema Shangazi asiguswe mpaka arobaini isomwe. Watu wakatii, hata wale wanaosali kanisani. Baada ya hapo angefunguliwa kwa pambano moja: mtu wa nyumba ya marehemu angeketi kumtetea. Akishinda, jina libaki. Akishindwa, Shangazi awe wa yeyote, na Khaled asitangazwe tena mle ndani.

Nyumbani walibaki mama na Saliha, mdogo wake Khaled. Saliha alikuwa mshonaji. Maneti, kile kidude cha vitufe, alikuwa amekishika mara chache tu, kwa kumtania kaka yake. Lakini nguo za Khaled zilikwisha kugawiwa, na spana zake zilikuwa mikononi mwa mafundi wengine. Kilichobaki ni lile jina tu, lililokuwa likitamkwa kila siku na watu wasio wa ukoo wao. Akasema ataketi yeye.

Alianza kwenda mchana, cherehani ikipumzika. Kwa kuwa Shangazi hakuguswa, alijifunzia kwa mpiganaji mwingine mwenye mikuki, anayefanana naye kwa mwendo. Alirusha bila kupumua, akirudi nyuma na kurusha, akirudi na kurusha, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hapo akashikwa, akainuliwa, akapigwa chini. Siku baada ya siku ilikuwa hivyo hivyo.

Basi akamwendea Byamungu, Mkongomani muuza vitenge. Watu walishangaa, maana Byamungu ndiye angeketi upande wa pili siku ya pambano. Saliha alimweleza kwamba wengine walimtazama tu Khaled akicheza. Yeye ndiye aliyechomwa na mishale yake, kwa hiyo yeye ndiye anayeijua.

Byamungu akakunja kitenge alichokuwa ameshika.

“Nitakufundisha, dada,” akasema. “Lakini siku ile sitakuachia. Nikikuachia, litakuwa jina la sadaka, na Khaled hakuwa mutu wa sadaka.”

Alimfundisha kwa kumshambulia. Alimwonyesha kwamba mikuki yake ilitoka kwa mapigo yale yale, kama mchi kwenye kinu, na mtu akishayazoea mapigo huruka katikati yake hata akifumba macho. Akamwambia atupe mmoja, anyamaze, amwache adui ajiulize.

“We unarusha ili uniue,” alisema. “Khaled alirusha ili niruke. Nikiwa juu sina pa kwenda, hapo ndipo ananipiga teke. Na akishanipiga, anakuja mbele kidogo, anachukua tena mahali pake. We ukinipiga unakimbia. Utaishiwa na mahali.”

Kusubiri Saliha alikuweza, mshonaji huzoea. Kwenda mbele ndiko kulikomshinda. Kila alipomwangusha Byamungu, vidole vyake vilimvuta nyuma, kana kwamba amefanya kosa. Ilimchukua muda kuvizuia vitulie, na muda mwingine kuvisogeza.

Siku ya arobaini, hitma ilisomwa asubuhi, wali ukaliwa, sahani zikaoshwa. Alasiri Saliha akajifunga mtandio vizuri, akamwacha mama na wageni, akaenda. Chumba kilijaa. Huseni akapunguza sauti ya skrini, akatangaza: Shangazi wa Khaled, Mwanamiereka wa Byamungu.

Byamungu hakumwachia. Raundi ya kwanza alimbana ukutani, akammaliza. Ya pili Saliha alituma mshale mmoja chini, akanyamaza. Byamungu akasita. Saliha akatuma mwingine, akanyamaza kwa muda mrefu zaidi. Byamungu akaruka, teke likamkuta hewani, na Shangazi akasogea mbele. Tena, na tena. Raundi ikawa yake.

Ya tatu ilikwenda taratibu. Mwanamiereka alikuwa amebakiwa na uhai kidogo, naye ndiye aliyekuwa karibu na ukuta sasa.

“Khaled, acha mutu apumue,” Byamungu akasema.

Hakuna aliyecheka. Byamungu alisikia alichokisema, akaweka maneti juu ya magoti, akafunika uso kwa kiganja. Mwanamiereka alisimama bila ulinzi. Mshale mmoja ungetosha. Saliha aliondoa vidole kwenye vitufe, akangoja, na chumba kizima kikangoja naye.

Mwishowe Byamungu akashika tena maneti. “Haya,” akasema.

Mshale ukapita chini. Akaruka. Teke.

Huseni akatangaza jina: Shangazi wa Khaled. Byamungu aliinuka, akapita katikati ya watu, akatoka bila kumuaga yeyote.

Saliha alidhani amemuudhi, akataka kumfuata. Huseni akamzuia. Akamwambia kwamba ndivyo Byamungu alivyotoka kila Khaled alipomshinda, bila neno, amenuna mpaka barabarani, na kesho yake alikuwa wa kwanza kufika.

Rambirambi zilikuwa nyingi tangu mazishini. Jioni ile, mama alipouliza pambano lilikwendaje, Saliha alimpelekea hii: Byamungu ametoka amenuna, kama alivyotoka kila Khaled alipomshinda.