Ahadi za Mezani

Mumewe alimpandishia shali begani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba daraja lile yeye halivuki. "Hamisha watu wako tu, utulie," alisema. Basi akawahamisha. Aliwatoa askari wote waliokuwa wakilinda mto, akawapeleka kwenye ukuta wa kaskazini, ambako mizinga ya kaka yake ilikuwa ikiubomoa tofali baada ya tofali. Zamu ilipomrudia, mumewe alichukua utepe wa kupimia, akapima taratibu kama fundi anayeogopa kuharibu kitambaa cha mteja, akawavusha darajani wapanda farasi wake wote na kuuingia mji wa mkewe bila kuguswa na yeyote.

Kaka mtu alicheka mpaka akaishika meza. Mke naye alicheka, maana ulikuwa mchezo, na katika mchezo huo usaliti ulikuwa halali. Lakini aliacha kucheka kabla ya kaka yake. Mkono wake ulikwenda wenyewe begani, ukaishika shali. Haikuwa mara ya kwanza kupandishiwa shali namna ile, wala kuambiwa atulie kwa sauti ile. Aliwahi kuambiwa hivyo kwenye korido ya hospitali, siku baba yake alipofariki.

Mtaani walimwita Dada Meno, kwa kuwa alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki. Kutwa alishinda na nta, plasta na taya za watu wasiokuwapo. Aliviamini vidole vyake kuliko maneno ya mtu. Jino likizidi mwenzake hata kwa unene wa unywele, kidole kilimwambia kabla mteja hajalalamika. Labda ndiyo sababu aliyapenda yale matofali. Yalikuwa matofali ya plastiki ya kuchezea, mekundu, ya njano na ya buluu, mali ya utoto wao yeye na kaka yake. Waliyakuta ndani ya ndoo yenye mfuniko walipokuwa wakiondoa vitu katika nyumba ya baba yao. Kila tofali lilikuwa na vijino juu na matundu chini, na ukiyabana yalishikana kama taya zilizofungwa barabara.

Kaka yake ndiye aliyeyageuza kuwa majeshi. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu asiyeweza kuona kitu kimekaa bure bila kukitafutia kazi. Akatunga kanuni. Askari alikuwa vitofali viwili vilivyopandana, mpanda farasi vitatu, na jemadari alivikwa gurudumu kichwani. Mzinga ukipiga ukuta, dadu ndiyo iliyoamua matofali mangapi yang'olewe. Yaliyong'oka hayakuondolewa mezani. Yalibaki palepale kama kifusi, na askari waliweza kujificha nyuma yake. Hilo ndilo lililowanogea wote watatu. Mji uliobomolewa haukutoweka. Ulibaki machoni pako ulivyo, ukalazimika kuupigania hivyohivyo.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikaa, mke, mume na shemeji, meza ikageuka nchi. Kwa ndugu hao wawili, kukaa kwenyewe kulikuwa jambo kubwa. Kaka aliacha masomo aliyochaguliwa na baba, yakasemwa maneno mazito, na la mwisho la mzee lilikuwa kwamba hata akifa, mtoto huyo asije. Kaka alilitii kwa ukaidi uleule aliourithi kwake. Alikuja siku iliyofuata mazishi, akasimama nje ya geti mpaka dada yake alipotoka kumshika mkono. Hawakuwa hodari wa kuongea, lakini waliweza kupigana vita vya plastiki mpaka jua likaribie kuzama, wakagombania kipimo cha utepe, wakaagana wakiwa na furaha.

Dada Meno ndiye aliyemuuguza mzee. Alimlisha, akamwogesha, akamgeuza ubavu ili asichubuke. Siku yenyewe alikuwa amekwenda nyumbani kufua nguo za mgonjwa, akamwachia mumewe kiti cha kando ya kitanda. Aliporudi na mfuko wake, mumewe alikuwa amesimama koridoni. Alimpandishia shali. "Alikuita wewe," alimwambia. "Jina lako ndilo la mwisho alilolitamka. Utulie."

Neno hilo lilimlea kwa miaka. Baba yake hakuwa mtu wa kushukuru. Alipolishwa alilalamikia chumvi, alipoogeshwa alilalamikia maji. Lakini mwishoni aliita, na aliyemwita ni yeye. Kila chuki ndogo iliyomjia juu ya marehemu, Dada Meno aliizima kwa neno hilo.

Sasa shaka ilikuwa imemwingia, na shaka ikishaingia haikai sebuleni.

Jumamosi iliyofuata alimwomba mumewe waungane dhidi ya kaka. Haja yake haikuwa kushinda. Alitaka amwone akidanganya tena, amkague. Mumewe alikubali, akaapa kumletea mizinga miwili kabla ngome haijazingirwa, na huku akiapa alikisogeza kikombe cha mkewe mbali na ukingo wa meza kisije kikamwagika. Mizinga haikuja. Wiki nyingine alimwondolea uzi ulionasa nyweleni, akamhakikishia kwamba nyuma ya kilima hakuna watu wake. Kumbe walikuwa wamejaa tele. Aliposema kweli, kinyume chake, mume yule alikuwa mkavu kama ubao. Alijikuna shingo, akatazama dadu, akasema, "Nakuja kukupiga," na kweli akaja.

Kwa hiyo alikuwa ameipata alama. Mumewe alipodanganya, alikuwa mwema.

Akaanza kushinda. Kila alipofanyiwa hisani mezani, aliongeza ulinzi upande ule alioambiwa uko salama, na mashambulizi yalipokuja yalimkuta macho. Kaka yake alistaajabu. "Mdogo wangu, umeanza kutisha," alimwambia. "Nani anakufundisha?"

"Mume wangu," alijibu. Mumewe akatabasamu, akiona fahari.

Lakini ushindi huo aliulipia nyumbani. Aliolewa, naam, na mtu mwema, na wema huo ndio uliomfanya amkubali. Sasa kila wema ulikuja na kivuli chake. Akiletewa glasi ya maji, aliinywa akijiuliza imetumwa kufunika nini. Akikandwa miguu baada ya kutwa ya kusimama, alihesabu ni wapi mumewe alikuwa tangu asubuhi. Alinusa mashati kabla ya kuyafua, akapata harufu ya sabuni na ya jasho, basi. Siku moja aliisogeza simu ya mumewe kwa kidole, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto, akairudisha ilipokuwa.

Mumewe alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, ile sauti inayotoka juu ya vichwa vya abiria. Dada Meno aliwahi kumpigia simu mfanyakazi mwenza wa mumewe kwa kisingizio cha kutafuta funguo, akaambiwa ndiyo, bwana yuko zamuni, na nyuma ya maneno hayo akaisikia sauti yenyewe ikiwaarifu watu kwamba treni imechelewa kidogo tu, wawe na subira. Ilikuwa sauti laini, ya kumbembeleza mtoto. Baadaye alisikia kwamba treni ile haikufika kabisa.

Hakupata mwanamke, wala nyumba nyingine, wala siri yoyote ya aina ambayo majirani huipenda. Alipomaliza kupekua kote, likabaki jambo moja tu lisilopekuliwa, nalo alilijua tangu mwanzo. Alikuwa akilizunguka.

Alimuuliza asubuhi, jikoni, mumewe akiwa anamenya viazi.

"Siku ile hospitali," alianza, "baba alisema nini?"

Mumewe aliweka kisu chini. Alijifuta mikono, akamjia, na mkono ukaanza kuinuka kuelekea begani.

"Usinishike," alisema Dada Meno. "Kaa kule. Nijibu ukiwa mbali."

Mumewe akakaa. Mikono yake haikujua pa kwenda. Aliiweka mezani, akaiondoa, akaibana katikati ya magoti.  Kisha alijikuna shingo, na kabla hajasema lolote mkewe alikwisha kujua kwamba atakachosikia ni kweli.

"Hakukuita," alisema.

"Hakuita mtu?"

"Aliita. Alimwita kaka yako. Mchana kutwa. Nikimpa maji anauliza kama amefika. Nikimwambia wewe uko njiani, anasema siyo huyo."

Siyo huyo. Dada Meno alitazama viazi ndani ya sufuria, vyeupe, vikiwa uchi katika maji.

Mumewe alieleza kwamba alimwona akija koridoni amekumbatia ule mfuko wa nguo safi, zimepigwa pasi, na akashindwa. Alidhani atamwambia baadaye, mambo yakipoa. Halafu akaona jinsi neno lile lilivyomkalia mkewe vizuri, akaogopa kulivua. Hakujitetea zaidi ya hapo. Wala Dada Meno hakupiga kelele. Aliondoka akaenda kazini, akalainisha taya moja siku nzima mpaka ikawa nyembamba na ya kutupwa.

Kilichomuuma hakikuwa uongo wenyewe. Alijaribu kuukasirikia akaona unateleza, kwa sababu ulikuwa umefanywa kwa ajili yake. Kilichomuuma ni kwamba aliutaka urudi.

Jumamosi ilipofika, kaka yake aliingia akiwa na paa jekundu alilolijenga kwa ajili ya ngome yake, amelibeba kwa mikono miwili kama keki. Walipanga nchi.  Mume alimtazama mkewe, akasubiri, maana sasa siri haikuwa yake tena. Dada Meno akacheza kama hajawahi kucheza. Hakutaka mapatano na mtu. Aliielekeza mizinga yote kwa kaka yake, akarusha dadu, akang'oa ukuta, akarusha tena, akang'oa lile paa jekundu kipande kwa kipande, na kila tofali alilolilaza mezani alilibonyeza kwa kidole gumba kana kwamba linaweza kuinuka.

"Nimekukosea nini leo?" kaka aliuliza, akicheka kidogo. Kisha akaviangalia vifusi vyake. "Mzee angenikuta na umri huu nachezea haya, angenifukuza mara ya pili."

Alicheka tena, lakini Dada Meno alikuwa mtu wa vinywa, na aliona kwamba kicheko kile kilikuwa cha upande mmoja. Akajua kwamba kaka yake alikuwa akiisema sentensi ile kila siku, kwa namna mbalimbali, tangu siku ile ya geti. Na neno lililoweza kumnyamazisha lilikuwa ndani ya chumba, linajulikana na watu wawili kati ya watatu. Angeweza kulimeza. Baba alikuwa wake. Alimgeuza ubavu kwa mikono yake mwenyewe. Huyu alikuja baada ya udongo kukauka, naye ndiye aliyeitwa.

"Zamu yako," mumewe alimwambia, kwa ukavu.

Alirusha dadu. 

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye karakana ya kaka yake. Majokofu yalikuwa yamepangwa ukutani, milango wazi, matupu kama kabati za nyumba iliyohamwa. Kaka alikuwa amepiga magoti nyuma ya mojawapo, akilikagua bomba kwa povu la sabuni. Alishangaa kumwona. Akamsafishia stuli kwa mkono wa ovaroli.

Dada Meno hakukaa. Alijua akikaa ataanza kuulizia biashara. Hakumshika bega, hakumpangusa vumbi, hakutafuta sauti ya chini. Alimweleza kwa mfululizo, kama mtu anayesoma kipimo: kwamba yeye hakuwapo, kwamba aliyekuwapo ni shemeji yake, kwamba mzee aliita mchana kutwa, na aliyemwita.

Kaka alibaki amepiga magoti. Povu lilikuwa likipasuka polepole kwenye bomba.

"Alisema nisije," alisema.

"Najua. Halafu akauliza kama umefika."

Kaka alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Alikishika kitambaa, akakikunja, akakikunjua. Dada yake aliona shaka ikimpanda usoni, shaka aliyoifahamu, ya mtu anayepewa kitu kizuri akatafuta kamba iliyofungiwa.

"Unaniambia hivi unifurahishe?"

"Hapana. Mimi hainifurahishi."

Hilo ndilo lililomfanya aamini. Aliinuka kwa kushika mlango wa jokofu, akasimama akiutazama ukuta, na alipouliza, aliuliza kwa sauti ambayo Dada Meno alikuwa hajaisikia tangu walipokuwa wakilala chumba kimoja.

"Aliniitaje? Kwa jina langu, au alisema mwanangu?"

 Dada Meno alikuwa amelichimba jambo lile kwa wiki nyingi, akanusa mashati, akatega mitego mezani, akamkalisha mumewe mbali kama mshitakiwa. Na hilo halikumpitikia.

"Sijui," alisema. "Sikuuliza."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Alikwenda kwenye bomba la maji, akajipaka sabuni mpaka viwikoni, akasuuza, akajipaka tena. Alipanguza kidole kimoja kimoja. Kisha akaivua ovaroli na kuitundika msumarini, akabaki na shati lililokunjamana, mwembamba kuliko alivyodhaniwa.

"Shemeji yuko nyumbani saa hizi?"

"Yupo. Leo hana zamu."

"Tangulia basi. Mimi nafunga."

Dada Meno alitoka nje kwenye jua, akamsubiri. Nyuma yake alisikia milango ya majokofu ikifungwa mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kisha hatua za kaka yake zikija, zikasimama, zikaja tena.