Upele Usio na Mwenyewe

Mama mkwe wangu alininyima mtoto wangu. Nalisema hivyo hivyo, bila kulipamba. Asiya alizaliwa hapa Buyenzi, na siku ya kumwadhinia sikioni ilinibidi niiname kama ninachungulia injini, kwa sababu aliyempakata ni nyanya yake, na hakukubali kumwachia. "Apana, hizi mikono apana," alisema. "Jikune kwanza umalize."

Ni kweli nilikuwa najikuna. Katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni penye mkanda. Mimi ni fundi wa magari, na kwa Mama Mawazo, ndivyo tunavyomwita mama yake Fadhila mke wangu, fundi na uchafu ni ndugu wa tumbo moja. Alikuja kutoka Rumonge siku za kujifungua zilipokaribia, akawa anamkanda Fadhila mgongo na miguu kila jioni. Mtoto alipozaliwa, nyanya yake akawa mfalme wa chumba, mimi nikahamishiwa kwenye kochi la sebuleni. Na mama mkwe hajibiwi. Akipita unashika ukuta, macho chini, unamwachia njia. Nikashika ukuta.

Gereji, mwenzangu Seifu aliutazama mkono wangu akatoa hukumu. "Hiyo ni oili. Osha na petroli, itakauka tu." Nikaosha. Ikakauka ngozi, muwasho ukabaki, tena ukaongezewa moto. Mwenye duka la dawa akasema ni choa, akanipa tyubu yake. Lakini choa ninakijua, nilikuwa nacho kichwani utotoni: ni duara lenye ukingo, katikati pameanza kupona. Haya yangu yalikuwa vipele vidogo na vijistari vilivyopinda. Mtu mwingine akaniuzia krimu ile ya wanaotaka kung'ara uso. Muwasho ukalala, nikamshukuru Mungu mapema, kisha ukaamka na kushuka mpaka mapajani. Sikuelewa kitu. Kama ni oili, mbona nikiwa chini ya gari unanyamaza, na nikishaoga na kujifunika blanketi ndipo unapanda? Nilikasirika na kila mtu, na mikono yangu nikaikasirikia pia.

Ndipo Asiya akatoka malengelenge kwenye viganja na nyayo.

"Umeona?" Mama Mawazo akasema kutoka nyuma ya pazia la chumba. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Umeletea mutoto mambo ya gereji."

Siku hiyo nilijibu. "Mama, sijamugusa hata siku moja."

Mimi mwenyewe maneno yangu yalinishtua. Kweli sijamgusa. Basi vimemfikiaje?

Fadhila akambeba mtoto, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi aliitwa Christa, mama mwenye haraka asiyependa hadithi ndefu. Alitumulika kwa taa, vidole vyangu, kisha nyayo za Asiya, kisha bila kuuliza akamvuta Fadhila mkono akamtazama naye.

"Ni gale, upele," akasema. "Si oili, na si uchafu. Hata mutu anaoga kila saa anaupata. Ni kadudu kadogo, jicho haikaone, kanachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Kanapita watu wakigusana muda murefu, kitanda kimoja, kubeba mutoto. Huyu mutoto nani anamubeba?"

"Wote," nikasema, "isipokuwa baba yake."

"Na we madame, unawashwa?"

Fadhila akainamisha kichwa. "Nilizani ni mimba."

Christa akatupa dawa na amri. Wakubwa tujipake kuanzia shingoni mpaka kwenye vidole vya miguu, tulale nayo, asubuhi tuoge, baada ya wiki turudie. Mtoto alipewa marhamu yake ya peke yake, na ya wakubwa tusithubutu kumpaka. Nguo na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto, vianikwe juani. "Na nyumba nzima siku moja! Mukiacha mutu mumoja, mumefanya bure. Halafu muwasho utabaki kidogo hata vidudu vikikufa. Musishituke."

Njiani tyubu ya tatu, ya mama mkwe, ilikuwa mkobani mwa Fadhila, nzito kuliko mtoto. Nani atamwambia Mama Mawazo avue nguo ajipake mwili mzima? Mimi, mkwe? Afadhali nimeze spana. Fadhila naye akaogopa: mama atasema tumemwita mchafu, atafunga mzigo arudi Rumonge kabla ya arobaini, na Buyenzi yote itasema mkwe amemfukuza. Tyubu ikaenda chini ya nguo kabatini. Tukajipaka sisi, tukampaka mtoto, tukafua, tukaanika. Asiya akatulia. Tukacheka.

Kisha malengelenge yakarudi. Niliitukana dawa, nikamtukana na Christa, Mungu anisamehe. Nilikuwa bado nabwata pale sebuleni nilipomwona Mama Mawazo, pazia likiwa limefunguka kidogo. Alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango, anausugua mkono wake uliofunikwa na nguo ndefu, taratibu, kama mbuzi kwenye nguzo. Mtoto alikuwa kifuani pake.

Nikaelewa. Na kuelewa kukanichanganya zaidi, kwa sababu hasira yangu ilikuwa tayari imeshiba na sasa sikujua niitume wapi.

Mkwe haambiwi, lakini mtoto anaambiwa. Nikatoa tyubu kabatini, nikasimama upande wangu wa pazia.

"Asiya," nikasema kwa sauti ya kusikika, "muuguzi alisema huu ugonjwa si uchafu. Anaupata mutu yeyote. Na tusipojipaka wote, we ndiye hautapona. Dawa ya nyanya yako iko hapa, na tutarudia wote pamoja naye."

Nilimsikia mtoto akinyonya kidole.

"Asiya," akasema Mama Mawazo, "muambie baba yako, nyanya anawashwa tangu Rumonge. Nilizani ni damu ya uzee. Muambie... muambie ni mi nilikuletea."

Maneno hayo nilikuwa nayasubiri, na furaha yake nilikuwa nimeiandaa. Haikuja. Nilimsikia akilia, nikasimama pale kama mpumbavu, nikapenyeza tyubu chini ya pazia.

Kesho yake asubuhi alitoka ameoga, amejifunga kitenge, mikono wazi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imechubuka mpaka kwenye kiwiko, mibaya kuliko yangu. Nikashika ukuta nimpishe. Hakupita.

"Uthmani, pokea."

Nikaficha mikono nyuma. "Mama, bado inawasha."

"Na yangu pia," akasema. "Pokea mutoto."