Kifua cha Mkwe

Aliyesikia vibaya ni Baba, lakini aliyenyamaza ni Refa, kwa hiyo lawama wagawane wenyewe.

Siku dada yangu alipomleta mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza, Baba alimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba ni fundi wa matairi.

"Na wikiendi?"

"Wikiendi napuliza filimbi, mzee."

Mtaa mzima ulijua ni filimbi ipi. Bwana huyu huchezesha mechi za mitaani, na watu hawamwiti jina lingine ila Refa. Lakini Baba hana habari na mpira. Ni mwalimu wa muziki aliyestaafu, anatengeneza filimbi za bati katika chumba cha nyuma, na kwake yeye filimbi ni ile yenye matundu sita, basi. Aliushika mkono wa Refa kwa mikono yake yote miwili, akakitazama kile kifua kipana kama mtu anayechagua kabati dukani.

"Nimekusubiri sana," akamwambia.

Refa alifungua mdomo, kisha akaufunga. Dada akajitia anapanga vikombe.

Hapo lazima nieleze. Mapafu ya Baba yamechoka. Zamani alikuwa akipiga filimbi za kila aina, sasa amebakiwa na ile ndogo yenye mdomo mwembamba, ambayo haihitaji pumzi kuzidi ya kupoza chai, na ukiizidishia inapiga ukelele. Ya kati imeshamshinda. Halafu kuna kubwa, ndefu kama mkono wa mtu mzima, aliyoikata kwenye bomba la alumini akaisugua kwa tupa mpaka sebuleni kukawa na vumbi lake. Hiyo inakunywa pumzi. Akiipuliza, sauti inayumba na kushuka, yeye anashika ukingo wa meza. Na kila mara husema kwamba filimbi haina kosa, kosa ni pumzi, aje mwenye kifua tuone. Ametuambia hivyo mezani, ametuambia kwenye simu, amewaambia hata wageni ambao hawakuuliza. Ndiyo kazi yake ya mwisho na anaionea fahari.

"Kamwambie ukweli," dada alimsihi Refa.

"Nitamwambia."

Jumapili, siku ambayo Baba alikuwa amemwalika kuja kuipiga ile kubwa, Refa akaja, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi likanyooka. Baba, ambaye siku hizi kutoka kitandani tu ni safari, alikuwa amesimama getini anamngoja. Shangazi naye alikuwa ameitwa aje asikilize. Ningekuwa mimi Refa, maneno yangenikwama vilevile.

Filimbi zilipangwa mezani juu ya kitambaa safi, ndogo, ya kati na kubwa.

"Anza na ndogo, mwanangu, upashe mdomo moto," Baba akasema.

Refa akaichukua, akaibana kwa meno, akapuliza kwa kifua chote. Kelele iliyotoka ilimfanya mtoto wa jirani aanze kulia ng'ambo ya ukuta. Shangazi, ambaye hajawahi kuuzuia ulimi wake, akauliza, "Haya, nani kacheza rafu?"

Mimi nilicheka. Kisha nikamwona Baba, kicheko kikanikauka.

Refa aliirudisha filimbi mezani taratibu. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Mzee, mimi ni refa. Refa wa mpira. Filimbi yangu haina hata tundu moja la kuweka kidole. Nilitaka kukwambia siku ile ile, nikakuona umefurahi, nikashindwa."

Dada alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke itumeze sote, na shangazi atangulie. Kama Baba angefoka ingekuwa nafuu, lakini hakufoka. Aliinyooshea mkono ile filimbi kubwa.

"Lakini kifua unacho," akasema.

"Ninacho, mzee."

"Vidole ninavyo mimi. Kaa hapa."

Basi mwanamume mzima, anayewatoa uwanjani kwa kadi nyekundu watu wa miraba minne, akakalishwa kwenye stuli mbele ya kiti cha Baba. Mikono ya Baba ikamzunguka kutoka nyuma, vidole vikakaa kwenye matundu ya ile kubwa, kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Refa aliinamisha kichwa kwa haya.

"Usipulize kama unamfukuza mtu," Baba akamwambia sikioni. "Hema. Kama unakitia kioo mvuke ukifute. Na usiache."

Sauti ikatoka. Ilikuwa nene na ya chini, nikaisikia mpaka kwenye mbao za kiti changu. Shangazi alinyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Baba alifumba macho. Akalifungua tundu la kwanza kutoka chini, sauti ikapanda vizuri. La pili, vizuri. La tatu, sauti ikapinda.

Akarudia. Refa akaongeza pumzi, nayo ikapinda vilevile, tena sasa kwa nguvu, kiasi kwamba hata shangazi aliyeimba kwaya akafukuzwa aliisikia na kukunja uso. Pumzi ilikuwa tele. Tundu ndilo lililotobolewa mahali pasipo pake, na aliyelitoboa ni Baba.

Kidole chake kilibaki hewani. Niliona aibu kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuona kwa ajili yangu mwenyewe, na sikujua pa kuyaweka macho.

"Samahani, mzee," Refa akasema haraka. "Hapo nimepuliza vibaya mimi."

"Usinidanganye mara ya pili."

Baba aliondoa mikono yake, akaipakata mapajani. Alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti ndogo, kama anamuuliza fundi mwenzake.

"Wewe ukikosea uwanjani, watu wote wanakutazama, unafanyaje?"

Refa alifikiri. "Sina la kufanya, mzee. Naendelea kukimbia."

"Mimi hata kukimbia siwezi," Baba akasema, na sauti ikamkatika.

Dada akasogea, kisha akasita. Nilijua Baba analia, na nilijua kwamba mtu yeyote atakayemtazama sasa hatasamehewa. Refa peke yake ndiye aliyekuwa karibu kiasi cha kuzisikia zile kwikwi, na hakugeuka. Alikaa vivyo hivyo kwenye ile stuli, mgongo amempa mkwe wake, macho ukutani, mpaka Baba alipomaliza kujifuta uso.