Kumwinda au Kumtafuta

Mkalimani wa mahakama alimchukia fundi wa kuchomelea vyuma tangu alipomtelekeza dada yake, mimba ikiwa kubwa, akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Alipomwona kizimbani, amekonda na shati limemning'inia, alifurahi. Sheria ilimtaka amwambie hakimu kwamba anamfahamu mshtakiwa. Akakaa kimya.

Fundi alishtakiwa kwa kumpiga bosi wake, mwenye gereji, kwa nondo na kumvunja taya. Mpigaji alivizia nyuma ya magari mabovu, hakuna aliyemwona uso. Shahidi alikuwa mhandisi mgeni aliyepeleka gari lake pale siku hiyo. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Akaeleza kwa Kiingereza kwamba fundi alikuwa "hunting" bosi wake asubuhi nzima.

Mkalimani alilijua neno lile. Waingereza wenyewe hulitumia kwa mtu anayefuata mnyama na bunduki, na hulitumia vilevile kwa anayesaka kazi, nyumba ya kupanga au funguo zilizopotea. Mhandisi alikuwa amelitamka huku akipangusa vumbi kwenye suruali, bila uzito wowote.

"Mshtakiwa alikuwa akimwinda bosi wake asubuhi nzima," mkalimani akatafsiri.

Watu kwenye mabenchi wakaguna. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Kumwinda ili amdhuru, au kumtafuta tu?"

Mkalimani akafungua mdomo kujibu.

"Shemeji," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Nichukie, lakini usinifunge."

"Amekuita nani?" hakimu akauliza.

Mkalimani akamgeukia hakimu. "Aliishi na dada yangu, mheshimiwa. Na shahidi alimaanisha kumtafuta."

Akaondolewa pale pale, akaletwa mkalimani mwingine. Mhandisi alipoulizwa upya alisema fundi alihitaji ufunguo wa stoo ya mitungi ya gesi, na kwamba bosi alipopigwa, yeye na fundi walikuwa mbele ya gereji wakitazama bampa ya gari lake. Fundi akaachiwa.

Kwenye korido alimnyooshea mkono mkalimani.

"Toa mkono wako hapa," mkalimani akamwambia. "Ningekuwa na roho ngumu kidogo tu, ungelala ndani."

Nyumbani alimkuta dada yake akikamua nguo za mtoto. Akamsimulia yote, hata kwamba alikuwa amesimamishwa kazi. Alitegemea angalau pole.

"Kwa hiyo ulikuwa naye mkononi," dada akasema, "ukamwachia."

"Hakumpiga yule mtu, dada."

"Nani kakuuliza kama alimpiga?"

Akaikung'uta fulana ya mtoto, maji yakamrukia mkalimani usoni, akaenda kuianika. Tangu siku hiyo dada alimpakulia chakula bila kumtazama, na mtoto alipomkimbilia mkalimani, mama yake mdogo, alimwita arudi.