Daraja Lililokwenda Ofisini

Winfrida, mhandisi wa barabara, alikuwa anamimina chai asubuhi ya Jumatatu daraja la upande wa Kenyamonta lilipoingia geti la ofisi. Lilipita kwa ubavu lisigonge nguzo, likasimama kando ya katapila bovu, likidondosha tope. Bodaboda walikuwa wamelisindikiza kwa honi njia nzima, na akina mama walipiga vigelegele.

Juu yake alikuwapo Mzee Werema na ng'ombe wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilikuwa navuka, likanyanyuka. Nikaona nitulie."

Moyo wa Winfrida ulidunda kwa furaha. Miaka yote aliwaeleza wakubwa habari za nguzo ya daraja hilo iliyoliwa na maji, nao wakatikisa vichwa tu. Leo kikao kilikuwa kinachagua daraja la kukarabati, moja tu, maana fedha haikutosha mawili, na daraja lenyewe limekuja. Alikwenda mbio kuwaita wajumbe.

Wajumbe walilizunguka. Daraja liliinua mguu wa kushoto ili waone nondo zilizotokeza. Winfrida alieleza: mvua moja kubwa tu, daraja kwisha, na ng'ambo hakuna zahanati.

Mwenyekiti, Bwana Nyangwine, alisikiliza mpaka mwisho.

"Limetembea mpaka hapa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi bado lina nguvu. Lile la barabara wanayopita wageni wa serikali halijaweza hata kusogea."

Wajumbe wakaona hoja ni nzito. Fedha ikapewa daraja la wageni, ambalo lilikuwa limepauka rangi.

Hapo simu ya Mzee Werema ikaita. "Ni Precious, mke wa mwanangu," alisema. "Uchungu umeanza, na yuko ng'ambo."

Daraja halikungoja kuambiwa. Winfrida aliruka juu, akashika pembe ya ng'ombe, nalo likatoka mbio likichechemea, vumbi juu, watu wa senta wakishangilia kama wako mpirani. Winfrida alijikuta naye anashangilia.

Mtoni lilijilaza mahali pake. Mguu wa kushoto haukufika chini, vijana wakaukingia mawe. Precious alivuka ameshikwa huku na huku, vipande vya zege vikianguka majini nyuma yake. Alijifungua salama zahanatini, mtoto wa kike.

Wiki iliyofuata mafundi walipaka rangi daraja la wageni. Winfrida aliomba kikao kingine. Alijibiwa kwamba daraja linaloweza kukimbia namna ile litafika mwaka kesho bila shida.